Koo la Watasema

Anania Mligo alikuwa na mbwa jike mwekundu aliyeitwa Watasema. Jina alimpa mwenyewe, mwaka ule aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Chunya akiwa mikono mitupu na kifua kinachopiga mluzi. Watu walikuwa wamekwisha kusema mengi juu yake. Walisema fedha zake zote alizimaliza huko huko, walisema kikohozi kile si cha bure, na walisema mkewe Hulda angefunga mizigo kabla masika hayajaisha. Anania hakubishana na mtu. Alichukua mtoto wa mbwa kwa shemeji yake, akampa jina hilo, na kila jioni alipomwita kwa sauti kubwa, majirani walijisikia kana kwamba wanaitwa wao.

Hulda hakufunga mizigo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, amezaa mtoto mmoja tu aliyeishi, Esteria, ambaye aliolewa mbali huko Lupingu kando ya ziwa. Alilima shamba lao la mahindi lililoteremka kutoka mgongo wa kilima, upande wa njia ya Mdandu, hadi kwenye msitu wa bondeni. Udongo wa kule chini ulikuwa mzuri kupita wote, ila msitu ule ulikuwa na nguruwe pori. Zamani Anania alikuwa akiwakimbiza kwa mkuki mpaka ng'ambo ya mto. Sasa hakuweza hata kupanda kutoka shambani bila kukaa njiani, ameshika magoti, akitafuta pumzi kama mtu aliyedondosha kitu.

Kazi hiyo ilichukuliwa na Watasema. Hakuwa mbwa wa kubweka ovyo. Aliwazunguka nguruwe kimya, akamng'ata mmoja kisigino, akaruka pembeni, akarudia, mpaka kundi zima likachoka na kurudi msituni. Anania alimfundisha angali mdogo, siku zile mapafu yake bado yalikuwa yakimruhusu kukimbia kidogo. Miaka minne nyumba ile ilivuna magunia yake na kuuza yaliyobaki, na Hulda alijua vizuri kwamba chakula chao kilikuwa mdomoni mwa mbwa yule.

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, mahindi yakiwa yametoa ndevu na ukungu ukiwa haujainuka bondeni, Hulda aliteremka kutazama shamba akakuta vita inaendelea. Dume la nguruwe lenye manyoya meupe mgongoni lilikuwa limesimama katikati ya mistari ya mahindi, na Watasema analizunguka. Aling'ata, akaruka, akarudi. Lakini udongo ulikuwa umelowa, mguu ukateleza, na nguruwe akageuka akamchota kwa jino kutoka chini kwenda juu, chini ya taya la kulia. Hulda alimwona mbwa akiinuka hewani na kuanguka chali. Alipiga kelele, akatupa jembe, na nguruwe, ambaye labda naye alikuwa amechoka, akaondoka zake akikanyaga mahindi.

Jeraha lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa tundu la kupitisha kidole, pamoja na damu iliyotoka chini ya ulimi. Hulda alilisafisha kwa maji ya chumvi, Anania akamlaza mbwa karibu na moto, na baada ya muda mfupi tundu likaziba likabaki kovu lisilo na manyoya. Walimshukuru Mungu. Watasema alirudi shambani.

Mwezi wa Mei ulipoanza tu, Anania alihisi kitu laini chini ya koo la mbwa. Ukikibonyeza kilizama, ukiacha kilirudi, na mbwa hakulia wala kuumia. Kikaendelea kukua. Kilikuwa kama limau, kikawa kama kibuyu cha kuchotea maji, kikaning'inia na kuyumba kila alipotembea. Ulimi ulisukumwa juu, mdomo haukufunga vizuri, na mate yakawa yanamchuruzika njia nzima.

Hayo mate ndiyo yaliyowatia watu hofu. Lameki, jirani yao, mzee wa kanisa, mtu mpole aliyezoea kubisha hodi hata palipo na mlango wazi, alikuja jioni moja akakaa, akaulizia kifua cha Anania, akaulizia mahindi, kisha akasema alilotumwa kulisema. Watu waliona mbwa anatoka mate. Watoto walikuwa wakipita njia ile kwenda shule. Kama ni kichaa, basi ni afadhali mmoja afe kabla ya wengi. Hakusema kwa ubaya. Anania alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba ampe nafasi ampeleke mbwa Njombe akaonwe, na Lameki akakubali.

Bwana mifugo wa Njombe aliitwa Hilari. Alikuwa kijana wa Kikatoliki kutoka upande wa misheni, mwenye mikono mikubwa na sauti ya taratibu, aliyezoea ng'ombe zaidi kuliko mbwa. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuweka bakuli la maji chini. Watasema akanywa, kwa shida, lakini akanywa. Hilari akawaambia huyu hana kichaa. Kisha akachukua sindano nene, akaichoma kwenye uvimbe, na ndani ya bomba ukaingia ute mzito wa kuvutika, kama ute wa yai, wenye rangi ya asali na nyuzi za damu.

"Si usaha," alisema. "Ni mate."

Aliwaeleza polepole, akionyesha kwa kidole kwenye taya lake mwenyewe. Kila upande wa taya mna tezi za kutengeneza mate, na kila tezi ina mfereji mwembamba unaopeleka mate mpaka chini ya ulimi. Jino la nguruwe lilikuwa limekata mfereji. Tezi haikujua kwamba imekatwa. Ilikuwa ikiendelea kutengeneza mate kila mbwa alipoona chakula, na mate yakikosa njia ya mdomoni yalijikusanya chini ya ngozi. Hilari aliutoa ute wote, koo likasinyaa, na Anania akarudi nyumbani akitembea kama kijana.

Uvimbe ukajaa tena kabla ya Jumapili ya pili. Wakarudi Njombe, ukatolewa, ukajaa. Mara nyingine Hilari alipasua kidogo kwa kisu ili pabaki mlango, na mlango ule ukaziba wenyewe. Mwishoni aliosha mikono akasema kwamba kuendelea namna ile ni kuchota maji ya chemchemi kwa kijiko. Ilibidi tezi yenyewe itolewe. Yeye hakuwa amefundishwa kazi hiyo wala hakuthubutu, maana pale shingoni mishipa mikubwa ya damu inapita karibu karibu. Lakini kulikuwa na daktari wa mifugo, Mzungu, aliyekuwa amepiga kambi Makambako kukagua ng'ombe wanaoswagwa kutoka Usangu. Yeye Hilari alikuwa anakwenda kumsaidia. Walete mbwa huko.

Siku hiyo Hulda alishindwa kuzuia ulimi. Miaka yote alikuwa akimbembeleza mumewe arudi hospitali ya misheni. Anania alikwenda mara moja tu, peke yake, akarudi na chupa ya dawa ya kikohozi, akasema wamemwona na basi. Tangu hapo kila alipotajiwa hospitali alibadilisha maneno.

"Baba Esteria," alisema, "mbwa anatafutiwa daktari mpaka Makambako. Wewe unayekohoa mpaka unakunja mgongo, unakaa tu."

Anania alikuwa akisuka kamba ya kumfungia mbwa safarini. Hakuinua macho.

"Ugonjwa wake unakatika," alijibu.

Hulda aliona ni jibu la mtu anayekwepa. Ndani yake alikuwa na hasira iliyomfanya asile vizuri siku ile, na hasira hiyo aliibeba mpaka ndani ya lori.

Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja, limejaa magunia ya viazi na ngano. Walikaa juu ya magunia, mbwa katikati yao amefunikwa blanketi, upepo wa Juni ukiwakata masikio. Anania alikohoa tangu Njombe mpaka mwisho wa safari. Makambako wakati ule palikuwa nyumba chache za bati, duka la Mhindi, barabara mbili zinazokutana, na upepo usiokatika. Walifikia kwa binamu yake Hulda, Yudita, aliyeolewa pale na mtu wa kazi za barabara, na asubuhi wakaenda kambini.

Daktari alikuwa mtu mrefu mwenye shingo iliyoungua jua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na kuamrisha ng'ombe, kwa hiyo Hilari alisimama kati yao akitafsiri. Aliushika uvimbe kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepima uzito wa yai. Akamlaza mbwa chali na kutazama. Hilari aliwaeleza kwamba mbwa akilala chali, uvimbe wa namna hii huegemea upande ulikotoka. Lakini ule ulikuwa umejaa mno, umekaa katikati kama ngoma, haukuegemea popote. Daktari akauliza jeraha lilikuwa upande gani. Anania akapiga magoti, akaweka kidole juu ya kovu, kulia. Daktari akalipapasa kovu, akakubali kwa kichwa.

Kazi ilifanyika chini ya banda la nyasi, juu ya meza ya mbao iliyosuguliwa kwa maji ya moto na dawa. Hulda aliambiwa ashike miguu ya nyuma mpaka dawa ya usingizi imshike mbwa, na baadaye hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke, kwa hiyo aliona yote. Hilari alinyoa manyoya ya mguu wa mbele na ya shingo. Sindano iliingia kwenye mshipa, na Watasema akalegea kama nguo iliyovuliwa. Daktari akapasua nyuma ya pembe ya taya, mkato mfupi, akatenganisha nyama kwa ncha ya mkasi bila haraka, akisimama kila alipokutana na mshipa na kuufunga kwa uzi. Chini kabisa palionekana kitu cha duara, cheupe kidogo, kimejifunga ndani ya ngozi yake kama kitunguu. Alikivuta kidogo kidogo. Nyuma yake kulikuwa na vipande vingine vidogo vilivyoshikana kama shanga, vinaelekea kwenye ulimi, naye akavifuata mpaka alipofika mwisho, akafunga kwa uzi, akakata. Kisha akaupasua uvimbe, ute ukamwagika kwenye ndoo, akaacha kipande cha mpira kinachotokeza ili mabaki yapate njia, akashona.

Aliwaonyesha tezi ile juu ya kiganja. Anania aliitazama muda mrefu. Hulda alimwona akiweka mkono kifuani bila kujijua.

Watasema aliamka jioni, akayumba, akatapika, na asubuhi akanywa mchuzi. Walikaa kwa Yudita mpaka nyuzi zilipotolewa. Safari ya kurudi Anania hakuacha kuzungumza. Alisema atapanua shamba kule bondeni. Alisema Esteria akija na watoto atakuta ghala limejaa. Hulda, aliyekuwa bado na kinyongo chake, alijikuta anacheka naye, akamfunga blanketi mabegani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliona kwamba huenda mambo yakawa mazuri.

Na kwa muda yalikuwa mazuri. Mbwa alishinda shambani msimu wote wa mavuno, na koo lake lilikuwa jembamba kama la zamani. Lameki alikuja kumtazama, akampapasa kichwa, akasema hajawahi kuona jambo kama hilo. Mahindi waliyaingiza ghalani kabla ya baridi kali kupita.

Mwishoni mwa Agosti Watasema alianza kukohoa akila. Alichukua tonge, akalitema, akalichukua tena. Hulda alimpapasa kooni. Uvimbe ulikuwa umerudi, mdogo kwa nje, upande wa kushoto. Hakumwambia mumewe siku ile, wala ya pili. Siku iliyofuata Anania mwenyewe aliinua kichwa akiwa amekaa mlangoni, akasikiliza, na akauliza ni nani anayekoroma. Alikuwa mbwa, yuko macho, amesimama uani, shingo ameinyosha mbele na midomo wazi.

Walimpeleka Njombe wakimbeba kwenye blanketi, Hulda upande mmoja na mtoto wa kiume wa Lameki, mtu mzima, upande mwingine. Anania alifuata nyuma akikaa kila mahali penye jiwe. Hilari alimfungua mbwa mdomo kwa kijiti akatazama ndani, na uso wake ukabadilika. Nyuma ya ulimi, ndani ya koo lenyewe, kulikuwa na povu la ngozi limetuna kama tunda lililokwama. Safari hii mate yalikuwa yamechagua njia ya ndani. Alijaribu kuyatoa kwa sindano, yakatoka kidogo tu, na mbwa alijipigapiga kwa kukosa hewa hata ikabidi aache. Alisema daktari bado yuko Makambako, siku chache zijazo atateremka Usangu. Waondoke sasa hivi, na yeye atakwenda nao.

Daktari aliwakumbuka. Alimlaza Watasema chali kama mara ya kwanza, na sasa, kwa kuwa uvimbe wa nje haukuwa umejaa sana, ulianguka wazi wazi upande wa kushoto. Akautazama. Akakaa juu ya kisanduku cha dawa na kuvua kofia. Alisema maneno machache kwa Kiingereza.

"Anasema alikata upande usio na kosa," alisema Hilari. "Jino liliingilia kulia, likapita chini ya ulimi, likakata mfereji wa kushoto. Tezi tuliyoitoa ilikuwa nzima. Uvimbe ulitulia kwa sababu tuliupasua, si kwa sababu ya tezi."

Anania alisema kwamba si kosa la daktari, ni yeye aliyeweka kidole pale. Hilari akatafsiri. Daktari akatikisa kichwa, akasema kutafuta upande si kazi ya mwenye mbwa, na akasimama kana kwamba hataki kulizungumza zaidi. Kisha akaeleza jinsi mambo yalivyo. Tezi ya kushoto ilipaswa kutolewa, lakini dawa ya usingizi hulegeza koo, na koo lenyewe lilikuwa limebakiwa na upenyo mdogo tu. Angeweza kufa mezani. Wasipofanya kitu, atakufa vilevile, kesho au keshokutwa, na kifo cha kukosa hewa si kifo cha kumtakia mnyama. Aliwaacha wafikiri, akaenda kuchemsha vyombo.

Walikaa nje ya banda juu ya gogo, mbwa miguuni mwao. Upepo wa Makambako ulikuwa unavumisha vumbi la ng'ombe. Hulda alisikia pumzi ya mbwa ikivutwa kwa kukwaruza na kutoka kwa kukwaruza, na karibu na sikio lake pumzi ya mumewe, na kulikuwa na wakati hakuweza kuzitofautisha. Alimwambia Anania wamrudishe nyumbani afie kwao, wasimtese tena.

"Akijaribiwa, huenda akapona," Anania alisema.

"Na wewe? Wewe ungekubali kujaribiwa?"

Anania alikuwa akimpapasa mbwa nyuma ya masikio, kule ambako uvimbe haukufika.

"Mama Esteria, mimi niliwauliza. Siku ile hospitali niliwauliza kama wanaweza kupasua wakatoa vumbi la Chunya. Daktari wao alinionyesha picha ya kifua changu. Aliniambia hakuna cha kukata. Limekuwa mapafu yenyewe."

Hulda alimtazama. Aliuliza ni lini aliambiwa hivyo, akajibiwa ni siku ile ya chupa ya dawa. Basi miaka yote hiyo alikuwa akimgombeza mtu aliyekwisha kupewa jibu. Alitaka kumwuliza kwa nini alificha, lakini alijua. Alimwona akirudi njiani na chupa ile mkononi, amejitayarisha kusema wamemwona na basi. Hakulia. Alimshika mkono, jambo ambalo hawakuwa na desturi ya kulifanya mbele za watu, na wakakaa hivyo mpaka Hilari alipotoka kuwaita.

Safari hii Hulda alishika kichwa. Daktari aliingiza dawa polepole sana, tone kwa tone, macho yake kwenye mbavu za mbwa. Watasema alimtazama Hulda, kope zikashuka. Mbavu ziliinuka, zikashuka, zikainuka. Kisha zikainuka bila hewa kuingia. Ilikuwa kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Daktari aliufungua mdomo, akaingiza kisu kirefu akachoma lile povu, na ute ukamwagika juu ya meza na juu ya mikono ya Hulda, mwingi, vuguvugu, unavutika. Akaingiza mpira kooni, akapuliza kwa mdomo wake mwenyewe, Hilari akabonyeza mbavu. Pumzi moja ilikuja. Ikaja nyingine, ndefu. Anania alisogea akasema jina la mbwa. Baada ya hapo haikuja tena, ingawa walibonyeza na kupuliza mpaka jasho likawatoka katika baridi ile. Shingo upande wa kushoto ilikuwa imenyolewa tayari, imepakwa dawa, na haikuguswa.

Anania alitaka ampeleke mbwa nyumbani, lakini dereva wa lori alikataa kupakia mzoga, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Walimzika nyuma ya banda. Anania alishika jembe, akapiga mara chache, akakaa chini. Hulda akalichukua akachimba na Hilari mpaka shimo likatosha. Daktari alisimama kando akiwa ameshika kofia. Alipoona wamemaliza alimwambia Hilari amwambie mzee kwamba mbwa wake mwenyewe amezaa, watoto wazuri, achague anayemtaka.

Anania alishukuru kwa heshima. Akakataa.

"Mwambie mbwa wa shamba hufundishwa na mtu anayekimbia," alisema. "Mimi sikimbii tena."

Walirudi nyumbani. Lameki alikuja kuwapa pole, kama mtu anavyotoa pole ya msiba, na Hulda aliona kwamba anasema kwa moyo. Mvua za Novemba ziliponyesha alipanda kama kawaida, na nguruwe wakafukua mbegu mstari kwa mstari kabla hazijaota. Akapanda tena. Alishinda bondeni akipiga debe, na walipozoea debe akawasha moto, na walipozoea moto akaacha nusu ya shamba la chini na kubaki na sehemu iliyo karibu na nyumba. Anania alikaa mlangoni amefunikwa, akimwonyesha kwa mkono walikotokea. Mwishoni hata mkono ulikuwa mzito. Alikufa mwezi wa Februari, mchana, amekaa, Hulda akiwa shambani. Esteria alifika kutoka Lupingu siku nyingi baada ya mazishi, akakaa kidogo, akamwomba mama yake wafuatane ziwani. Hulda alisema atafikiri.

Hilari alikuja kumwona mwezi wa Aprili. Alisema alichelewa kupata habari, akakaa juu ya kigoda, akageuza kofia mikononi. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na alitaka kuacha jambo la faraja, alisimulia kwamba mbwa wa mlowezi mmoja alipata uvimbe ule ule. Daktari hakukubali kuonyeshwa kovu na mtu. Alitoa ute kwanza mpaka koo likalegea, ndipo akamlaza mbwa chali na kungoja, na uvimbe ukaonyesha wenyewe. Daktari alisema amejifunza kwa Watasema.

"Alipona?" Hulda aliuliza.

"Alipona, mama. Anakimbia."

Hulda aliitikia kwa kichwa. Alijipekua kama kuna kitu chochote alichokihisi, furaha au uchungu, hakukuta kitu. Alimwekea Hilari ugali na maharage mbele yake, akamwambia ale usipoe. Kisha akachukua debe na fimbo yake, akaomba radhi kwa kumwacha mgeni peke yake, maana jua lilikuwa limeanza kuinama na nguruwe siku hizi hawakuwa wakisubiri giza.